Mpini wa Pampu ya Abendruh

Benchi la bustani za Abendruh lilikuwa ubao mnene wa behewa la mizigo, uliolazwa juu ya mawe mawili kando ya pampu, na hakuna aliyewahi kumwuliza Gustav Krahnert aliupataje. Mgongoni kulikuwa na tuta la reli. Mbele, vitalu vya bustani za ushirika, kila kimoja na kibanda chake na mlingoti wake wa bendera. Na juu ya yote, madirisha ya Wedding, mtaa wa Berlin, yenye magodoro yaliyoanikwa. Jumapili asubuhi, wenye vitalu waliopenda maneno kuliko jembe walikuja pale na vikombe vyao. Bi Hermine Zabel, aliyeuza matango ya chumvi sokoni, aliitwa Mama Matango. Ewald Finkbein, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliitwa Profesa, na hakukataa. Krahnert mwenyewe, mwenyekiti wa bustani, alikuwa Breki, kwa kuwa alifunga breki za treni za mizigo hadi alipostaafu. Wa nne, Siegbert Aronheim, mwuza miavuli, aliitwa Buni, kwa sababu ndiye pekee aliyeleta kahawa ya kweli. Wengine walileta shayiri iliyokaangwa, pamoja na maneno ya kuitetea. Jumapili hii ya Aprili, mwaka 1933, Buni alikuwa hajafika.

— Hii ni kahawa au maji ya kufulia soksi? — Bi Zabel aliuliza, akichungulia kikombe chake.

— Ni shayiri safi, mama. Inasafisha figo — alisema Finkbein.

— Figo zangu zilikuwa zimelala salama, Profesa. Wewe ndiye umeziamsha.

Krahnert alicheka, kisha akakatiza kicheko chake katikati. Kati ya magoti yake kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa gunia. Wenzake walikijua. Ulikuwa mpini wa pampu.

Kila mwaka, barafu ilipokaribia, mpini ule uling'olewa ili chuma kisipasuke, nao ukalala uvunguni mwa kitanda cha mwenyekiti hadi majira ya kupanda viazi. Siku hiyo mwenyekiti aliuleta, akaufungua, akauweka juu ya benchi na kuuachia. Waliokuwepo wakainua mikono. Aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti akauchukua, akaufunga kwenye pampu, akavuta maji ya kwanza, na watu wakashangilia kama vile maji hayajawahi kuonekana Berlin. Krahnert alikuwa ameuweka pale miaka mingi, na kila mwaka amerudishiwa. Leo alikuwa amekaa muda mrefu na gunia bado limefungwa.

— Breki, mbona unaupakata kama mtoto mchanga? — alisema Bi Zabel. — Weka hapo tupige kura. Viazi vyangu vimeshaota ndevu kikapuni.

— Kuna jambo moja kwanza.

— Ukisema hivyo huwa mawili.

Yalikuwa mawili kweli. Krahnert alitazama upande wa kitalu namba tatu, ambako nyundo ilikuwa ikigonga bila kupumzika. Huko Erich Kulicke, mwuza makaa, alikuwa akisimamisha mlingoti mpya, mrefu kuliko wa jirani zake. Kijiweni aliitwa Buti, tangu Machi aliponunua yale marefu meusi pamoja na shati la kahawia la chama cha Chansela.

— Kulicke alikuja kwangu jana — Krahnert alisema. — Anasema mambo ya kupiga kura bustanini yamepitwa na wakati. Anataka apewe mpini kwa miaka minne, bila kura katikati, kama Bunge lilivyompa Chansela sheria ya kutawala miaka minne bila kuliuliza. Tusipompa, wataletwa watu kutoka nje, na hao wa nje wanaweza kufunga bustani nzima. Amesema anakuja asubuhi hii kuchukua jibu.

— Hilo ni la kwanza — alisema Bi Zabel. — La pili?

— Kitalu namba kumi na nne apewe shemeji yake.

Nyundo iligonga. Namba kumi na nne ilikuwa ya Aronheim.

— Kwa kosa gani? — Bi Zabel aliuliza.

— Unajua kwa kosa gani, Hermine.

— Najua. Nilitaka nimsikie mtu akilitamka, nione kama ulimi wake hautakwama.

Krahnert aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

— Huyo Buti! — Bi Zabel aliendelea. — Mlishaiona bendera yake jua likiwa nyuma yake? Mkewe hakununua kitambaa kipya. Amechukua ile nyekundu ya zamani, akashona duara jeupe juu yake. Jua likipenya unaona nyundo na mundu vimejibanza ndani kama panya!

Walicheka wote watatu, na kicheko kikawarudishia kidogo ile Jumapili yao ya kawaida. Finkbein alivua miwani akaifuta. Benchi zima lilijua maana yake: nadharia inakuja.

— Wenzangu, msiogope. Tuangalie ramani. Chansela yuko serikalini na watu wake wawili tu. Wamezungukwa na mabwana wakubwa wanane, mabaroni, wenye mashamba na viwanda. Wanane kwa watatu! Hawezi hata kukohoa bila kuomba ruhusa. Wamemkodi, kama mnavyokodi farasi wa kuvuta mkokoteni.

— Farasi gani huyo anayekaa kiti cha dereva na kushika mjeledi? — aliuliza Bi Zabel.

— Ni kwa muda. Wamemwachia aushike ili ajione.

— Na hii miaka minne?

— Mtego! Mpe mtu kila kitu, atakosa kisingizio. Mkate ukipanda bei, yeye. Treni ikichelewa, yeye. Ndiyo maana Bunge likakubali.

— Bunge likakubali kwa sababu lilikaa kwenye jumba la opera, lake lilipoungua. Mtu akiingia opera huimba anachopewa. — Bi Zabel alijimegea keki ya siagi aliyoileta mwenyewe. — Lakini mimi nasema hivi, na sihitaji ramani. Matango niliyoyatia chumvi Agosti yameshaona machansela watatu. Watatu, pipa moja! Yule wa kwanza aliondoka hata hayajachachuka. Wa pili hakuona Februari. Huyu naye, asparaga, mboga ya Mei, ikiisha sokoni, atakuwa nyumbani kwake anaandika kumbukumbu. Serikali ya nchi hii haidumu kuliko kachumbari.

— Ndivyo ninavyosema na mimi — Krahnert alidakia, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeokolewa. — Hata ikienda mbali, Rais ana breki. Nimefanya kazi ya treni, najua. Dereva anaweza kupata wazimu akafungulia mvuke wote, lakini nyuma kule kuna mtu kwenye kibanda chake, mkono kwenye gurudumu.

— Mtu wako wa nyuma ana umri gani?

— Themanini na tano.

— Na hulala saa ngapi?

Finkbein alisogea mbele, akapunguza sauti, akatazama kushoto na kulia kama vile kabichi zingeweza kumsengenya.

— Nitawaambia kitu, lakini kisitoke hapa benchini. Mwaka jana wakati wa uchaguzi, huyu bwana alihutubia miji minne kwa siku moja, akiruka kwa ndege. Siku baada ya siku! Nimepima kwenye atlasi. Hakuna koo la binadamu linaloweza. Kwa hiyo?

— Kwa hiyo anakunywa chai ya asali.

— Kwa hiyo wako watatu! Wanafanana masharubu, wanapokezana. Mmoja anapiga kelele, mmoja anasafiri, mmoja anapumzika. Sasa wamepata kiti kimoja. Kiti kimoja, makalio matatu! Subirini tu wagombane.

Bi Zabel alicheka hadi keki ikampalia, na Krahnert akampiga mgongoni.

— Basi mmoja wao ana mafua — alisema alipopata pumzi. — Nilimsikia redioni.

— Umeona? Ushahidi unajileta wenyewe!

Kicheko kilipotulia, kuku walisikika kutoka kitalu namba ishirini na mbili. Vilikuwa vilio vya njaa. Bi Zabel alinyanyuka nusu, kisha akakaa.

— Nitawapa chakula baadaye. Kuku wa Rudi Stelzer wamekuwa kama wangu sasa.

— Stelzer anarudi lini kutoka kwa dada yake mjini Stettin? — Finkbein aliuliza.

— Profesa, Rudi alikuwa mpanga chapa wa gazeti lililofungwa. Walikuja kumchukua kitandani, na kiatu kimoja kikabaki mlangoni. — Bi Zabel alikung'uta makombo kwenye sketi yake. — Na hana dada.

Treni ya abiria ilipita tutani.

— Ndiyo maana nasema — Krahnert alianza, treni ilipotokomea — afadhali Kulicke wetu. Wa nje hatuwajui. Huyu tunamjua, tunajua hata stroberi za nani anaiba. Tena tusisahau pampu yenyewe. Ina ukorofi wake. Lazima uimwagie maji kwanza, uipige goti hapa ubavuni, ndipo uvute. Kulicke hajui. Atakuja kutuita kila siku. Mpini atakuwa nao yeye, maji tutakuwa nayo sisi.

— Hasa! — Finkbein alipiga paja. — Tutamzunguka. Sisi watatu kwa mmoja!

— Na Buni? — Bi Zabel aliuliza.

— Aronheim ni mtu mwelewa — alisema Finkbein. — Tutamwambia ni kwa muda. Anaweza kuja kukaa benchini kama zamani. Benchi halina namba.

— Mwelewa, ndiyo. Jumamosi ile walipoweka vijana mlangoni kwa duka lake, kama kwa maduka yote ya Wayahudi, nilikwenda kununua mwavuli. Kijana akaniambia, mama, usinunue hapa. Nikamwambia, mwanangu, unaliona lile wingu? Nikatoka na miavuli miwili. Buni akanifungulia mlango na kunishukuru, eti kama siku nyingine yoyote. — Alitazama kikombe chake. — Ni mwelewa mno. Ndiyo shida yake.

Krahnert hakutaka kuendelea kusikia. Shimo la pampu ile alilichimba na Aronheim mwaka wa kwanza baada ya vita, yeye chini, mwenzake juu akishika kamba. Usiku wa jana alikuwa amejilaza akisikiliza mpini ukiwa uvunguni, kama chuma kinaweza kusikilizwa, na akapata sababu nyingi nzuri. Asubuhi zilikuwa bado nzuri. Alitaka tu kuzimaliza haraka.

— Basi tupige kura kabla hajaja. Anayekubali Kulicke apewe mpini, miaka minne, pamoja na lile jambo la kitalu, ainue mkono.

Aliinua wake kwanza. Finkbein akainua. Bi Zabel aliwatazama wote wawili, akatazama vibanda, akatazama upande wa kuku.

— Hadi asparaga iishe tu — alisema, na mkono wake ukapanda taratibu.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke kwenye njia ya majivu, na kopo la kumwagilia mkononi. Alikuwa Lene Butzke, mjane kutoka Cottbus, aliyekodi kitalu namba tisa wiki ile ile. Alisimama kwa adabu, kama mtu aliyeingia kanisani watu wakisali.

— Samahanini. Nilikuja kuuliza kama pampu imefunguliwa. Nimepanda njegere.

— Tunamalizia kitu kidogo, Bi Butzke — alisema Krahnert, mkono juu. — Tukishapiga kura, atakayepewa mpini ndiye atakayeufunga kwenye pampu.

— Ah. Huko kwetu kulikuwa na mto tu. — Alitazama lile gunia. — Na huo mpini hufika vipi hapo benchini kila mwaka?

— Mwenyekiti huuleta. Huuweka hapa, watu wanachagua.

— Anauweka mwenyewe?

— Mwenyewe.

— Hakuna anayemnyang'anya?

— Nani amnyang'anye! — Finkbein alisema. — Ni desturi.

Bi Butzke aliifikiria desturi ile. Nyundo ya namba tatu iligonga mara kadhaa, na akageuka kuisikiliza.

— Basi huyo mnayempa — alisema — miaka minne ikiisha, asipouweka?

Finkbein alifungua kinywa. Mtu aliyemjua angetegemea mabaroni wanane, au angalau atlasi. Aliifunga midomo, akavua miwani kwa mkono mmoja, akaifuta kwenye goti. Bi Zabel alimtazama Krahnert, naye Krahnert akatazama pampu isiyo na mpini, shina la chuma lenye tundu tupu. Mikono yao mitatu ilikuwa bado juu. Kila mmoja alingoja mwingine aushushe kwanza, na damu ikaanza kuwakimbia vidoleni.

— Jamani, nimechelewa kwa sherehe!

Siegbert Aronheim alikuwa amefika kupitia lango la nyuma, kofia kisogoni, mkebe wa kahawa kwapani. Harufu ya buni iliyokaangwa asubuhi ile ilimtangulia.

— Mama Matango, nimekaanga mpaka jirani akafikiri nyumba inaungua. Profesa, shikamoo ya figo! — Aliwatazama, akaona mikono, akatabasamu. — Kumbe mmeanza. Tunapigia nini kura?

Bi Zabel alitazama keki. Finkbein aliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi muda mrefu. Kutoka namba tatu, nyundo ilinyamaza.

— Haya, nimechelewa, sina haki ya maswali — alisema Aronheim. — Breki akiwa ameinua, siwezi kukosea sana.

Akahamishia mkebe mkono wa kushoto, akainua wa kulia, ameufungua kabisa, kama mwanafunzi mzuri. Katikati ya kiganja ulipita mstari mweupe, laini, kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo. Ilikuwa kazi ya kamba ile, siku udongo ulipoporomoka na Krahnert akiwa shimoni. Krahnert hakuwa ameuona mstari huo miaka mingi. Kiganja cha mwuza miavuli siku zote kimefumbata kitu.

Krahnert alishusha mkono wake.

— Kahawa — alisema. — Tunapigia kura kahawa. Tunywe yako au ya Profesa.

— Na Profesa ameinua mkono kujipinga mwenyewe?

— Nimeelimika — alisema Finkbein, akishusha wake haraka. — Hutokea hata uzeeni.

— Imepita bila kupingwa! — Bi Zabel alinyanyuka kwa kishindo, akachukua birika lake na kuimwaga shayiri yote kwenye shina la kichaka cha zabibu mwitu. — Maskini kichaka. Kikikauka, Profesa, utamshitaki nani?

Alicheka kwa nguvu kuliko mzaha ulivyostahili, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa aproni. Aronheim alicheka naye, kisha akapunguza kicheko kidogo kidogo huku akiwatazama mmoja mmoja. Krahnert alielewa kwamba mwenzake si mtu wa kudanganyika. Alikuwa anawapa tu nafasi.

— Gustav — Aronheim alisema polepole. — Mlikuwa mkipigia kura kitalu changu?

— Tulikuwa. Sasa hatupigi.

Krahnert alifungua gunia. Mpini ulikuwa mweusi, umepakwa mafuta, mrefu kama mtu. Aliuweka juu ya benchi, akaondoa mikono yake juu yake, kama kila mwaka.

— Sasa kura ya kweli — alisema. — Ya mwaka mmoja.

Mabuti yakasikika kwenye njia ya majivu. Yalikuwa mapya na yalikuwa yakimbana mwenyewe, kwa hiyo yalikuja kwa mwendo wa kusita, lakini yalikuja. Kofia ya Kulicke ilionekana juu ya ua wa namba tano, kisha namba sita.

Krahnert aliutazama mpini uliolala wazi mbele ya macho ya kila mtu. Akageuka, akaukalia.

Ila ulikuwa mrefu, na mtu mmoja hakutosha. Bi Zabel, mwenye mwili wa kutosha, alisogea na kuufunika upande wa kushoto.

— Kaa hapa, Buni, karibu yangu. Leta huo mkebe. Profesa, unangoja mwaliko?

Finkbein aliangalia njia, akaangalia benchi. Kisha akakaa, akivuta pindo la koti lake nyuma. Ncha ya mpini ikabaki imechomoza mwishoni mwa ubao, kiasi cha shibiri moja. Bi Butzke aliweka kopo lake chini, akatandaza sketi, akajibana pale mwishoni.

— Bado hamjanijibu — alinong'ona.

— Tunalifanyia kazi, mama — Krahnert alimjibu.

Kulicke alifika, akasimama mbele yao, uso mwekundu kwa kazi ya mlingoti. Macho yake yalimfikia Aronheim, yakamruka, yakaenda kwenye pampu tupu, yakarudi.

— Haya. Mpini uko wapi?

Watano wale walikuwa wamebanana bega kwa bega kwenye ubao wa behewa, na kila mwenye kikombe alikiinamia.

— Erich, baba — alisema Bi Zabel — kahawa ndiyo kwanza inaingia birikani. Vikombe vimekwisha, lakini unaweza kusimama.

Chuma kilikuwa baridi. Kilimpenya Krahnert suruali ya Jumapili, kikampenya na ya ndani. Alinyoosha kikombe chake kwa Aronheim ili ajaziwe, akajikita vizuri zaidi, na akajiuliza mtu anaweza kukaa hivyo kwa muda gani.